Msimbo Mmoja, Simu Mbili, Makufuli Matatu

Jumamosi ile saa 9 alasiri makufuli yote matatu yalikuwa yameshafunguliwa, kisanduku kiko wazi juu ya mkeka, na wanachama 28 wamekaa chini ya mwembe wakisubiri simu moja iamke. Ilikuwa simu ya katibu, yenye kioo kilichopasuka kona ya juu na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 2. Aplikesheni niliyowaletea ya kutunzia hesabu za kikundi ilifunguka, ikaonyesha majina manne ya kwanza, ikaganda. Nikaifunga, nikaifungua. Ikaganda tena. Mara ya tatu skrini ikawa nyeupe tupu, halafu simu ikajizima na kuanza kuwaka upya.

Mwenyekiti, mama mtu mzima asiyepandisha sauti hata siku ya ugomvi, alinitazama kwa upole. "Mwanangu," akasema, "tuandike kwenye daftari kwanza. Hiyo simu itatukuta mbele."

Tukaandika kwenye daftari. Jioni nikapanda bodaboda kurudi Morogoro mjini na simu ya katibu mfukoni, kwa ruhusa yake. Nilikuwa nimeshatengeneza aplikesheni za simu kwa miaka minne, lakini mambo mengi nitakayoyaeleza hapa niliyajua kuanzia usiku ule.

Vijana wengi wananiuliza swali moja: nianze na Flutter au React Native? Hivyo ni vyombo vya kuandikia aplikesheni mara moja, ikaendeshwa kwenye Android na iPhone. Nitalijibu, maana mtu akiuliza njia anastahili kuonyeshwa njia. Ila kwa uzoefu wangu chombo kinakula sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuijua simu ya mtu atakayeitumia, na kujua Android na iPhone zinaachana wapi.

Kikundi chenyewe ni cha kuweka na kukopa, vile ambavyo Tanzania tunaviita VICOBA. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa huko, kisha ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Kila Jumamosi mwanachama ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, kila moja sh 3,000. Anachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Anakopa, anarejesha. Fedha zinakaa kwenye kisanduku cha chuma chenye makufuli matatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na kisanduku hakilali kwa yeyote kati yao. Sijaona mfumo wa usalama ulioeleweka na watu wote kirahisi kama huo.

Katibu ana simu ya Android ya bei nafuu. Mweka hazina ana iPhone ya zamani, aliletewa na mwanawe anayefanya kazi Muscat. Walitaka wote wawili waone hesabu ileile. Kikundi hakina fedha za kulipa watu wawili, mmoja aandike kwa lugha ya Kotlin kwa ajili ya Android na mwingine kwa lugha ya Swift kwa ajili ya iPhone, wala mimi peke yangu sina muda wa kuandika kila kitu mara mbili na kurekebisha kila kosa mara mbili. Hapo ndipo vyombo vya kuandika msimbo mmoja, yaani maagizo ya programu, kwa majukwaa mawili vinapokuja.

Vyombo hivi vina umri sasa. PhoneGap ya miaka ya 2008 na 2009 ilichukua ukurasa wa wavuti ikaufungia ndani ya aplikesheni. Ilifanya kazi, ila kwenye simu dhaifu ukigusa kitufe unahisi kabisa kwamba unagusa ukurasa wa wavuti. Mwaka 2015 Facebook ikaitoa React Native: unaandika kwa lugha ya JavaScript, na msimbo wako unaiomba simu ichore vitufe vyake yenyewe, Android cha Android, iPhone cha iPhone. Zamani maombi hayo yalipita kwenye kitu walichokiita daraja, na daraja likijaa, skrini inasuasua. Muundo mpya usiotegemea daraja hilo umekuwa wa kawaida kuanzia toleo 0.76, mwezi Oktoba 2024. Google nayo ilitoa Flutter 1.0 mwezi Desemba 2018, ikitumia lugha ya Dart, iliyotangazwa tangu mwaka 2011 na ambayo hapo kati ilikuwa haina wapenzi wengi.

Tofauti yao naielewa kwa mafundi rangi. React Native ni fundi anayekuja mikono mitupu na kutumia brashi na rangi za mwenye nyumba. Flutter anakuja na ndoo zake, brashi zake na ngazi yake, anachora kila nukta mwenyewe, na mwenye nyumba anatoa ukuta tu. Faida yake ni kwamba ukuta wa simu ya katibu na ukuta wa iPhone ya mweka hazina vinatoka sawasawa. Gharama yake ni mzigo: aplikesheni ya Flutter inabeba injini yake ya kuchorea, kwa hiyo ina megabaiti kadhaa kabla hujaandika chochote cha maana. Kwa mtu anayepakua kwa bando la siku, hilo ni jambo la kuhesabu.

Nilichagua Flutter. Nilitoka kwenye lugha ya Java, na Dart haikunichukua hata wiki mbili kuizoea. Mtu aliyekwishatengeneza tovuti kwa React, chombo cha JavaScript ambacho React Native imetokana nacho, namshauri aende React Native bila kusita, nusu ya safari ameshaimaliza. Kuna njia ya tatu naiheshimu sana, Kotlin Multiplatform ya kampuni ya JetBrains, iliyotangazwa kuwa imara Novemba 2023. Hiyo inakuruhusu kuandika mahesabu na kanuni mara moja, kisha skrini ukaziandika kwa lugha ya kila jukwaa ukitaka. Kwa kampuni yenye aplikesheni ya Android tayari, naiona ndiyo yenye busara zaidi. Kwa mtu mmoja na kikundi kimoja, ni mzigo.

Sasa turudi kwenye simu iliyoganda.

Usiku ule niliichomeka simu ya katibu kwenye kompyuta kwa waya wa USB, nikaendesha aplikesheni katika hali ya upimaji, nikafuatilia matumizi ya kumbukumbu. Yalipanda kama maji ya mvua kwenye ndoo. Kila mwanachama alikuwa amepigwa picha ili jina lake liwe na uso pembeni, duara dogo lisilozidi upana wa kidole gumba. Picha nilizipiga kwa simu yangu, nukta 4,000 kwa 3,000. Faili moja lilikuwa na megabaiti kama 3, nikaliona dogo. Ila faili la picha limebanwa. Simu ikitaka kuichora, inaifungua yote, na kila nukta inachukua baiti 4. Zidisha 4,000 kwa 3,000 kwa 4: ni baiti milioni 48. Picha moja. Wanachama 28 ni zaidi ya baiti bilioni 1.3, kwenye simu yenye gigabaiti 2 ambazo mfumo wenyewe umeshachukua sehemu nzuri.

Na mimi nilikuwa nimelifanya kosa kuwa kubwa zaidi. Majina yote niliyapanga ndani ya Column, ambayo inajenga kila mstari hata ule usioonekana, badala ya kutumia ListView.builder, inayojenga mistari iliyo kwenye skrini na michache ya jirani. Kwenye simu yangu yenye gigabaiti 8 sikuona dalili yoyote. Marekebisho yalikuwa mistari miwili: ListView.builder, na neno cacheWidth lenye thamani 144 kwenye picha, linaloiambia Flutter ifungue picha kwa upana huo tu. Nukta 144 kwa 108 kwa baiti 4 ni kama kilobaiti 62. Kutoka megabaiti 48 hadi kilobaiti 62, kwa neno moja.

Tangu siku hiyo nina simu ya mtumba, dhaifu kabisa, iliyo mezani kwangu muda wote, na msimbo wangu unaendeshwa humo kwanza. Simu bandia ya kwenye kompyuta haikuonyeshi haya. Inakopa nguvu ya kompyuta yako, na isitoshe inakula RAM ambayo ungeihitaji kwa kazi. Kama kompyuta yako ina gigabaiti 8, achana nayo, chomeka simu halisi.

Jumamosi iliyofuata orodha ilifunguka. Katibu akaipandisha na kuishusha kwa kidole, nyuso zikapita moja moja, watu wakacheka kuona picha zao. Kisha akaniuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii: "Hivi mtu akituma hisa kwa M-Pesa, mbona hii isiisome meseji yenyewe? Meseji si ipo humuhumu kwenye simu?"

Ipo humuhumu. Lakini kwenye iPhone aplikesheni ya kawaida haina ruhusa kabisa ya kusoma meseji za mtu, na hakuna msimbo utakaolizunguka hilo. Kwenye Android mfumo unaruhusu, ila Google ilibana ruhusa ya SMS na kumbukumbu za simu katika duka la Play kuanzia mwaka 2019, na aplikesheni isiyokuwa ya kupokea na kutuma meseji inatakiwa iwe na sababu nzito inayokubalika kwenye orodha yao. Nafikiri wako sahihi. Meseji za mtu zina mshahara wake, majibu ya hospitali na namba za siri za benki. Ila hapo unaona msimbo mmoja unavyofika ukingoni. Flutter inakuchorea kitufe kilekile pande zote mbili, na upande mmoja hakina kitu cha kufanya.

Tulichofanya ni cha mkono: katibu anainakili meseji, anaibandika, aplikesheni inatafuta kiasi na namba ya muamala. Namba ya muamala ndiyo niliyoing'ang'ania, kwa sababu haijirudii. Meseji ileile ikibandikwa mara mbili, ya pili inakataliwa kwa maelezo: "Muamala huu umeshaandikwa."

Mambo ya namna hii ni mengi, na nitayapita haraka. Nilitaka hesabu zijipeleke kwenye seva, kompyuta ya mbali inayotunza hesabu za wote, usiku wakati watu wamelala. Android ina WorkManager, inayokubali kazi za kujirudia lakini si chini ya kila dakika 15, na simu nyingi za bei nafuu huziua kazi zote za nyuma ya pazia ili betri idumu. iPhone inaamua yenyewe ni lini ikupe nafasi, kwa kuangalia mazoea ya mwenye simu, na inaweza isikupe kabisa. Nikaacha. Sasa hesabu zinapelekwa aplikesheni inapofunguliwa na kila kitu kipya kinapohifadhiwa, basi.

Kupeleka huko ndiko kulikonipa somo la pili. Chini ya milima ya Uluguru mtandao unakuja na kuondoka. Kwa hiyo kila kitu kinaandikwa kwanza ndani ya simu, kwenye hifadhidata ndogo iitwayo SQLite, kisha kinaingia foleni kusubiri mtandao. Hilo nilikuwa nimelifanya vizuri. Nilichokosea ni kudhani kwamba kukosa jibu maana yake ni kukosa kufika. Katibu aliandika hisa 2 za mama mmoja anayeuza nyanya. Simu ikatuma, seva ikapokea na kuandika, na kabla jibu halijarudi mtandao ukakatika. Simu haikupata jibu, ikatuma tena. Seva ikaandika tena.

Wiki iliyofuata katibu alipokuwa akisoma hisa kwa sauti, yule mama akasimama. "Mimi sikuweka hisa nne," akasema. "Niliweka mbili. Futeni mbili, sitaki cha mtu."

Kikundi kilinyamaza. Angeweza kukaa kimya na pasingekuwa na wa kujua, kwa sababu Jumamosi ile daftari walikuwa wameliacha nyumbani kwa kuniamini mimi. Nilisimama nikaomba radhi mbele ya wote. Nikarudi kuandika upya: kila tukio linapewa kitambulisho cha pekee palepale simuni, kabla ya kutumwa, na seva ikiona kitambulisho ilichokwisha kukiona, inajibu "nimepokea" bila kuandika mara ya pili. Katika vitabu vya fani hii utakuta jambo hili limeelezwa kwa maneno mazito. Mimi nalikumbuka kwa sura ya mama muuza nyanya akiwa amesimama. Na daftari nikawasihi wasiliache tena nyumbani.

Kwa sababu ni fedha, kuna kanuni nyingine ambayo siikubalii mjadala: shilingi zinahifadhiwa kama namba kamili, kamwe si za desimali. Kompyuta haiwezi kuishika 0.1 kikamilifu, na katika lugha nyingi, Dart ikiwemo, 0.1 ukiijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili. Mwisho wa mzunguko kikundi kinagawana. Mwaka uliopita kisanduku kilikuwa na sh 6,845,000 na hisa 1,734. Ukigawanya, kila hisa inapata sh 3,947 na zinabaki sh 902. Programu isiyo makini ingezificha zile 902 kwenye desimali, na mtu angehesabu noti asizione. Yangu inaziandika kwenye mstari wake: masalia, sh 902. Kikundi kikapiga kura ziende mfuko wa jamii. Uamuzi huo ni wao, si wa kompyuta.

Kisha ikaja lugha, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ni sehemu ninayoipenda na naona inapuuzwa sana na sisi wenyewe.

Vyombo hivi vimetengenezwa na watu ambao katika lugha yao kitenzi hakijali sana jina lililotangulia. Kwa hiyo mafunzo mengi ya mtandaoni yanakufundisha kuunganisha vipande: idadi, halafu jina, halafu kitenzi. Fanya hivyo kwa Kiswahili uone. Mwanachama 1 amelipa, wanachama 5 wamelipa. Mkopo 1 haujalipwa, mikopo 3 haijalipwa. Hisa 1 imenunuliwa, hisa 4 zimenunuliwa. Hapo jina halijabadilika hata herufi, lakini kitenzi kimebadilika. Ngeli haikubali kushonwa kwa vipande. Toleo langu la kwanza liliandika "3 mkopo haijalipwa", na mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu alisoma akaniuliza kwa dhati kama aplikesheni ilitengenezwa nje ya nchi.

Dawa ipo ndani ya Flutter. Kuna faili za ARB ambamo sentensi nzima inaandikwa kwa hali zake, ya umoja na ya wingi, na programu inachagua kwa kuangalia idadi. Sheria niliyojiwekea ni kwamba kila ujumbe unaandikwa kama sentensi kamili kwa Kiswahili kwanza, na Kiingereza, kikihitajika, ndicho kinachotafsiriwa.

Na saa. Niliweka ukumbusho wa mkutano. Programu ilijua mkutano ni 15:00, ikaandika "Mkutano: 3:00". Bibi mmoja, mkongwe kuliko wote kikundini, aliyesomewa ujumbe ule na mjukuu wake, alifika chini ya mwembe saa 3 asubuhi. Alikaa pale peke yake hadi watu walipoanza kufika alasiri. Nilipomwamkia "shikamoo bibi" akaitikia vizuri tu, akaniambia alidhani ratiba imebadilika. Sikulala vizuri siku ile. Msimbo wa kurekebisha una mistari kumi: unaondoa saa sita, unageuza, kisha unaongeza neno la wakati, alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Saa 9 alasiri. Ni mistari kumi ambayo haipo kwenye maktaba niliyoitumia, na atakayeijaza ni sisi tunaohesabu siku kuanzia jua linapochomoza.

Kuhusu kufikisha kazi madukani, mambo ni haya. Akaunti ya Google Play inalipiwa dola 25 mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na usipolipa aplikesheni inaondoka dukani. Kujenga toleo la iPhone kunahitaji Xcode, programu ya Apple ya kujengea aplikesheni, na Xcode inaendeshwa kwenye Mac peke yake. Mimi sina Mac. Ninatumia huduma ya kukodi Mac iliyoko mbali: msimbo unapanda kwenye hazina ya git, chombo cha kutunzia matoleo ya msimbo, wao wanajenga, ninapokea faili tayari. Hiyo inatosha kujenga, haitoshi kutafuta kosa. Kosa la iPhone likitokea naazima Mac ya rafiki siku nzima, na nashauri kila mtu awe na rafiki wa namna hiyo kabla hajamwahidi mteja toleo la iPhone.

Akaunti binafsi za Play zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zina sharti la majaribio: watu kadhaa wajiandikishe na wabaki siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kutoa aplikesheni kwa umma. Mwanzoni walitaka watu 20, wakapunguza hadi 12 mwezi Desemba 2024. Katika kikundi wenye simujanja za Android walikuwa tisa. Watatu waliobaki tuliwapata kwa majirani, na mwenyekiti akawa anawapitia nyumbani kuwakumbusha wasiiondoe.

Na ufunguo. Kila aplikesheni ya Android inatiwa sahihi kwa faili la ufunguo, na bila sahihi hiyo hakuna sasisho litakalokubaliwa. Kabla ya kazi hii nilikuwa na aplikesheni ya duka moja la vipuri, ufunguo wake ukiwa kwenye kompyuta yangu tu. Kompyuta ikaibiwa. Ilikuwa enzi ambayo Google haikuwa inawatunzia watu ufunguo kwa lazima, basi ikabidi tuanze upya kwa jina jipya, na wateja wote wa lile duka waombwe mmoja mmoja kuondoa ya zamani na kuweka mpya. Tangu Agosti 2021 aplikesheni mpya zote za Play zinatunziwa ufunguo mkuu na Google, na wewe unabaki na ufunguo wa kupandishia ambao ukipotea unaweza kuomba mwingine. Hata hivyo wangu una nakala mbili, moja iko kwa mama yangu mzazi ndani ya bahasha.

Wanaoanza wananiuliza wajifunze nini. Jifunze lugha moja vizuri, Dart au JavaScript, hasa jinsi inavyosubiri kitu ambacho hakijafika, maana kazi ya simu ni kusubiri: kusubiri mtandao, faili, mtu aguse. Jifunze SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Jifunze git hata kama uko peke yako. Jifunze Kotlin na Swift kidogo, kiasi cha kufungua faili la plagini (kipande cha msimbo ulichoazima kwa wengine) iliyokwama na kuelewa inalalamika nini. Kampuni ya Airbnb ilieleza wazi mwaka 2018 kwa nini inaachana na React Native, na sababu mojawapo ni kwamba badala ya kutunza majukwaa mawili ilijikuta ikitunza matatu. Kwa timu ndogo tatizo hilo haliwi zito kiasi hicho, lakini lipo, na siku plagini ya kamera itakapokataa kwenye toleo jipya la Android utalikuta.

Tena vyombo hufa. Adobe iliifunga PhoneGap mwaka 2020. Microsoft ilimaliza kuihudumia Xamarin, chombo chake cha aina hiyohiyo, tarehe 1 Mei 2024. Kwa sababu hiyo mahesabu ya hisa, mikopo na mgao nimeyaweka mbali kabisa na skrini, kwenye Dart tupu isiyojua kama kuna Flutter, pamoja na majaribio yanayojiendesha. Jaribio mojawapo lina zile sh 6,845,000 na hisa 1,734, na linadai masalia yawe 902.

Jambo moja la vitendo, maana halisemwi: mara ya kwanza unapojenga aplikesheni ya Android, Gradle, chombo kinachounganisha vipande vya aplikesheni, inapakua vitu vingi mno, na vifaa vya Android vyenyewe ni gigabaiti kadhaa. Bando langu la wiki liliisha asubuhi moja. Nenda kwenye intaneti isiyohesabiwa, chuoni au ofisini kwa mtu, ukajenga mradi mtupu mara moja huko. Baada ya hapo hata mtandao ukikatika unafanya kazi nyumbani, na Flutter inakuonyesha mabadiliko kwenye simu kwa kupepesa jicho bila kujenga upya.

Kufunga mkutano sasa kunafanywa hivi. Katibu akishasoma jumla, wale washika funguo watatu wanaipokea simu kwa zamu, kila mmoja anaingiza namba yake ya siri huku ameifunika kwa kiganja, na hesabu za siku zinafungwa. Kisha wanafunga makufuli. Mpangilio huo sikuubuni mimi, niliunakili kutoka kwenye kisanduku.

Mwezi uliopita mama muuza nyanya alinivuta pembeni. Ana kitochi. "Wenye simu za kupangusa wanaona hisa zao kila siku," akasema. "Mimi je, baba?"

Nilianza kazi ileile jioni. Seva itatuma SMS ya kawaida baada ya kila mkutano. Meseji moja inabeba herufi 160, na Kiswahili kinaenea humo vizuri kwa kuwa hakina alama ngeni. Ila meseji yake ya majaribio ilitoka vipande viwili, nikalipia mara mbili, na nilitumia saa nzima kutafuta sababu. Alikuwa amekopa kununua ng'ombe. Kompyuta yangu ilikuwa imebadili kile kialama kilichonyooka cha kwenye ng' ikaweka kilichopinda, na kilichopinda hakimo katika herufi za kawaida za SMS. Kikiwemo kimoja tu, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Nikakirudisha kilichonyooka, nikatuma tena.

Alikuwa kwenye meza yake ya nyanya nilipompitia. Akanionyesha kile kioo kidogo cha kijani, kisha akakigeuza kumwonyesha mwenzake wa meza ya pili, anayeuza vitunguu: "Umeweka hisa 3. Jumla hisa 41. Mkopo wa ng'ombe umebaki sh 120,000. Mkutano Jumamosi saa 9 alasiri."